Nani Anakula Umeme wa Gari Letu?

Kwa Shemeji Fundi, mfunga sola hodari (kwa maelezo yako mwenyewe),

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, mahututi ni betri yako.

YAH: UMEME UNAOTOWEKA GARINI

Shemeji, nakuandikia kwa heshima zote anazostahili mdogo wa mke wangu, na kwa zile chache anazostahili fundi. Unakumbuka nilipostaafu ukarani wa stoo ya hospitali, mimi na dada yako tulinunua basi dogo kuukuu, tukaweka kitanda, jiko na friji, tuzunguke tuone dunia kabla haijatuchoka. Aliomba tubebe kuku wake wawili. Nikamwambia gari si banda, akaenda kupanga nguo zake za baridi, nami nikadhani nimeshinda. Wewe ukapanda juu ya paa, ukafunga paneli, ukashuka ukifuta jasho na kutamka, "Hapo mmemaliza, shemeji. Umeme mpaka mchoke." Umeme umechoka kabla yetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jioni betri inajaa pomoni. Asubuhi haina nguvu hata ya kuwasha kile kitaa kinachosema haina nguvu. Sisi tumelala. Nani anakula?

2. Nimefanya uchunguzi. Katika stoo yangu hakikupotea hata kijiko, kwa sababu kila kabati lilikuwa na lakiri. Basi nilizima kila kitu, nikabandika juu yake karatasi ya gundi yenye sahihi yangu: friji, redio, feni, pampu ya maji, taa, hata chaja ya simu ya dada yako, akanuna siku nzima. Asubuhi lakiri zote ziko salama, na betri imekufa. Kwa hiyo mwizi si mtumiaji. Anabaki aliyefunga.

3. Nani alikuagiza soketi ya chini ya kitanda? Si mimi. Pale chini kuna sanduku la dada yako la nguo za baridi, na nguo, kwa ninavyojua, hazitumii umeme. Nililipapasa nikakuta lina joto. Joto, shemeji! Waya zako zinavuja mpaka zinapika masweta. Nilitaka kulifungua, dada yako akaniambia, "Mzee, ulivyokagua stoo vinatosha." Nikaliacha.

4. Afya ya dada yako inanitia wasiwasi. Usiku anaamka, anapiga magoti kando ya kitanda, ananong'ona. Mwanzoni nilidhani anakuombea wewe, nikaona usiku mmoja hautatosha. Betri ikizima, analivika lile sanduku blanketi langu, mimi natetemeka. Hayo ndiyo yanayompata mtu anayelala juu ya kazi ya mikono yako.

5. Hili ndilo linaloniuma, mzaha kando. Juzi betri ilipozima alisimama mlangoni, macho mekundu, akasema, "Humu kuna roho zinategemea umeme huu. Ukikatika tena, nirudishe nyumbani." Roho zenyewe ni yeye na mimi, na kwa kweli nilifarijika kuhesabiwa. Lakini naogopa, shemeji. Ujana wetu wote niliumalizia kuhesabu mablanketi ya wagonjwa, yeye akinisubiri na chakula kikipoa. Gari hili nililinunua ili nikae naye. Akiondoka nitabaki nazunguka dunia na jiko.

6. Nikajiuliza: nani anafaidika akirudi? Nyinyi ndugu zake! Wewe mwenyewe ulisema haipendezi dada yenu atembezwe uzeeni kama mzigo. Ndipo ukatufungia betri iliyofundishwa kufa kila alfajiri. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kiko juu ya paa.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, uje mwenyewe na mita yako. Uing'oe ile soketi mbele ya mashahidi. Kisha kikao cha ukoo kiitwe, ueleze joto la masweta. Mpaka siku hiyo usijiite fundi. Jiite mpanda mapaa.

Nisalimie mkeo na watoto, na mama mkwe pia (kipengele cha sita usimsomee), na yule jirani yenu mwenye mbwa, ambaye hajawahi kunidhuru kama ulivyonidhuru wewe.

Ni mimi shemeji yako, gizani,
Karani Mstaafu wa Stoo

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha niliposikia masweta yakilia. Nimefungua sanduku. Ni mashine ya kutotolesha vifaranga, imechomekwa kwenye soketi yako, imejaa mayai ya wale kuku niliowakataa. Kumbe ulijua! Wanne wametoka, wa tano bado anagonga ganda. Dada yako amekaa sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja, na amesema haendi popote mpaka waote manyoya, na wakishaota ndiyo kabisa, maana nani atawaangalia? Barua naituma hivyo hivyo, hasira nzuri kama hii haitupwi. Ila soketi usiiguse. Lete betri ya pili, na ukimbie, maana hii imeanza kufifia. Blanketi langu nimeshawafunika nalo.