Kidonge cha Mama Kwenye Mtindi

Jumatatu, 7 Machi 1983
Mama yuko kwetu Ngokolo tangu atoke hospitali. Moyo wake unapiga ovyo ovyo, damu ikaganda humo ndani, bonge likashuka kuziba mguu. Mguu umepona, namshukuru Mungu. Lakini asipokunywa vidonge vya kuzuia damu kuganda, kasema daktari, bonge lingine laweza kupanda kichwani. Kimoja kila jioni. Leo nimemkuta anawatupia kuku! Nikamwambia, mayu, mama yangu, utaniua kwa hofu. Akanijibu kuku nao wana moyo.

Jumanne, 8 Machi
Njia nimepata. Kidonge nasaga, nachanganya kwenye mtindi wake. Karamba mpaka bakuli! Nina akili mimi. Mume wangu Donatus sijamwambia. Hana siri yule.

Jumatatu, 14 Machi
Balaa. Mama kapiga mswaki, kinywa chote damu. Mikono ina madoa meusi. Mtoto wangu mchanga mgongoni, mama kwenye baiskeli, nasukuma kwenda hospitali huku nalia. Nikimpoteza mama, kosa ni langu.

Daktari kauliza anakunywa vingapi. Kimoja, nikasema, kwenye mtindi. Mama akashtuka: "Na cha mkwe je?"

Cha mkwe! Kumbe Donatus naye aliwaona kuku. Kwa kuwa mila haimruhusu kumsogelea mama mkwe, kila jioni anaweka kidonge kwenye kigoda mlangoni kwake, anakohoa, anaondoka. Nilichompa mimi mkononi mama alitupa. Cha mkwe atakikataaje? Ni adabu. Ndiyo maana kopo la vidonge lilikuwa linaisha mbio, nami nikawasingizia panya!

Jumatano, 16 Machi
Damu imekoma! Kachomwa sindano, vidonge kasimamishiwa kwanza. Daktari kanisema mbele ya wauguzi wote: dawa haifichwi, na mtoaji awe mmoja. Haya, awe Donatus. Mama kacheka, kaomba mtindi, kauchungulia kwanza. Nami nimelala mchana, mara ya kwanza tangu nijifungue. Usingizi mtamu jamani!

Jumatano, 23 Machi
Vidonge vimerudi, mama anatembea mpaka bombani. Sasa Donatus ana homa na kikohozi. Kila akikohoa, mama anatoka kuangalia kigoda! Donatus analalamika klorokwini, dawa yake ya malaria, ni chungu. Wanaume! Nimeshaisaga, mtindi uko tayari. Kama leo ameshakunywa ya kwake sijamwuliza. Ukiuliza tu, mpango umeharibika.