Vitamini Isiyo na Msindikizaji

Jumatatu, 3 Machi
Miguu imekufa ganzi, lakini kichwa kipo. Daktari kasema nimepungukiwa vitamini B12, nikadungwe sindano. Sindano! Mimi, niliyezaa mtoto wa kilo nne na nusu? Sitaki. Mtoto mwenyewe ndiye binti yangu, mtaalamu wa maabara. Jumamosi anatunukiwa cheti chuoni kwao, na wifi nimeshamwambia nitapanda na binti jukwaani kwa viatu virefu. Binti kanieleza vizuri: tumbo hutoa kitu cha kuishika vitamini hiyo mkono na kuisindikiza hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Huko kuna vilango. Bila msindikizaji havifunguki. Tumbo langu limeacha kutoa wasindikizaji. Akili hizo kazitoa kwangu!

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua vidonge. Tatizo ni msongamano tu. Kila kidonge nimekikata vipande vinane kwa wembe, nameza kimoja kila nusu saa, viingie kwa foleni. Mlango gani umewahi kunishinda? Hata kwa mkuu wa chuo niliingia bila miadi.

Jumatano, 5 Machi
Wifi kanikuta nimelalia ubavu wa kushoto ili vipande viteleze. Akauliza nimechoka au nimeanguka. Nikamjibu naelekeza vitamini. Alicheka mpaka akakaa chini. Wivu!

Alhamisi, 6 Machi
Binti kagundua. Kasema mama jamani, hata ukivisaga vikawa unga, bila msindikizaji, karibu vyote vinapita na kwenda zao chooni. Kanikokota hadi zahanati. Nimedungwa. Nililia kidogo, kwa heshima tu. Anasema sindano haihitaji vilango, ila mishipa ya fahamu hupona polepole, kwa hiyo nivae viatu vya chini.

Jumamosi, 8 Machi
Virefu, bila shaka! Binti akaitwa, nikapanda naye, nikapiga vigelegele, nikapunga mikono yote miwili. Ukumbi mzima ukasimama! Kumbe kiatu cha kulia kilibaki ngazi ya pili, mimi na ganzi yangu sina habari. Wifi akakileta juu kakiinua kama kombe. Binti alicheka hadi machozi, akanikumbatia mbele ya mkuu wa chuo. Picha imetoka nzuri, mguu hauonekani.

Jumapili, 9 Machi
Vidole vya miguu vimeanza kuwasha! Binti anasema ni sindano inafanya kazi. Aseme tu. Najua ni vile vipande vya Jumanne, ndiyo kwanza vinafika. Wifi naye kaamka analalamika goti. Maskini. Nimeshamkatia vipande arobaini. Goti lenyewe ni la kulia, basi atalalia ubavu wa kulia.