Placide na Mnyororo wa Gari la Marehemu

Placide hakuwa fundi wa magari, lakini alikuwa na bisibisi ndefu na mdomo mtamu, na pale Kadutu, mtaa wa Bukavu, hivyo viwili vilitosha. Asubuhi hiyo alisikia gari jeusi la Maman Rosalie, mjane wa marehemu Alphonse, likiwashwa na kunguruma kwa adabu. Mate yakamjaa. Kamanyola kulikuwa na tajiri ambaye angetoa ng'ombe watatu kwa gari kama hilo. Placide alikuwa na mmoja tu, naye alikuwa wa mahari ya Noëlla, ambaye baba yake alishachoka kungoja.

Akamwendea, akafungua boneti, akainama kana kwamba anaisalimia injini, akachomeka kipande cha bati karibu na feni. Tak-tak-tak! Akagusisha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama padri anayeungamisha.

"Pole, Maman. Shene, ule mnyororo wa ndani wa kuzungusha ma valve, imekwisha. Itakatika, motere yote itakufa."

"Yezu wangu! Sasa nitafanya je?"

"Nakuonea huruma. Twaa ngombe yangu, miye nibebe hii kaburi ya gari."

Mjane akajifuta machozi kwa kitenge, akakubali. Placide, kwa kuogopa asije akageuka, akadai kasiksi. Kwa Washi, watu wa huko, ng'ombe akishanywewa hiyo pombe ya ndizi mbele ya mashahidi harudi, hata mbingu zianguke. Wazee wawili wakaitwa. Placide akawarudishia hukumu yake ya shene neno kwa neno, kisha akanywa wa kwanza.

Nje ya mji, njiani kwenda Kamanyola, aling'oa bati, akalitia mfukoni. Kelele ikakoma, naye akaimba. Lakini kabla ya Nyangezi, injini ilipopata moto, kelele ikaanza upya, kwacha-kwacha, na safari hii hapakuwa na bati la kung'oa. Kikasikika kishindo kimoja, gari likafa mlimani.

Alirudi kwa miguu, akamkuta ng'ombe wake anakamuliwa, wazee wale wale wakisubiri maziwa.

"Maman! Ulijua shene iko mubovu?"

"Tangu Alphonse iko muzima. Alikuwa anatia mafuta ya nzito ya kamio, ya malori. Motere ikiwa baridi inanyamaza, ikipata moto inalia." Akamjazia kikombe cha maziwa. "Lakini weye, papa, ulisikia na baridi yote ile! Bukavu muzima hakuna fundi kama weye."

"Ni kweli," wazee wakaitikia. "Tulikusikia sisi wenyewe."

Utetezi wa Placide ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa lile bati mfukoni, likimchoma paja; kulitoa ni kujishtaki. Akamfikiria Noëlla na baba yake. Akapokea kikombe, akashukuru.