Fundo la Mbuzi Kwenye Mlingoti

Kwiii... kwiii... fyuuuu... PAA!

Mlio huo bado uko masikioni mwangu. Ni kamba iliyochomoka juu ya mlingoti, na heshima yangu ikachomoka nayo. Jamani, leo nimeaibika mbele ya mwalo mzima wa wavuvi. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa.

Mnanijua, mimi ni wa Nyakisasa, Ngara. Kwetu ni vilima, migomba na mbuzi. Ziwa nimeliona kwa mara ya kwanza juzi, nilipopitia Biharamulo kuja kwa shangazi huku mwaloni. Nilipoona maji yamekwenda mpaka yakashikana na mbingu, nikanyamaza. (Mimi! Kunyamaza!) Mume wa shangazi, Baba Kulwa, Msukuma mpole, ana mtumbwi wa tanga wenye umri kunizidi. Tangu juzi ombi langu ni moja tu: nisafiri humo, tanga likiwa juu, kabla sijapanda basi la kesho kurudi Ngara.

Asubuhi akaniambia, "Kamba ya kupandishia tanga imelika. Tukiibadilisha kabla upepo wa nchi kavu haujakata, saa nne hivi, utapanda."

Nilikaribia kulia kwa furaha.

Kazi yenyewe nimeishangaa. Kamba inapanda mpaka ncha ya mlingoti, inapita kwenye kapi, kale kagurudumu ka mbao, inashuka upande wa pili. Hakuna haja ya mtu kupanda. Unaunga kamba mpya kwenye mkia wa ile ya zamani, unavuta ya zamani, mpya inafuata yenyewe. Aliyewaza hivyo alale pema!

"Usifunge fundo," Baba Kulwa akasema, akanipa uzi na sindano ya nyavu. "Zishone ncha kwa ncha, ziwe nyembamba, zipite. Nakunywa uji, narudi."

Nikashona mishono mitatu. Nikatazama jua. Upepo unaondoka, mimi nashona kamba kama sketi! Nikafumua, nikafunga fundo la mbuzi. Kwetu kila mtoto analijua: mbuzi akivuta linakaza, lakini mbwa akitokea unavuta kale kamkia kaliko pembeni, linafunguka lote, mbuzi anakimbia. Halijaniangusha hata siku moja. (Kwa mbuzi.)

Baba Kulwa akarudi anafuta midomo. "Umeshona?"

"Imeshika vizuri, baba." (Sikudanganya. Ilikuwa imeshika.)

Akaingia mtumbwini, akashika kamba mpya. Mimi nikavuta ya zamani. Kwiii, kwiii. Fundo langu linapanda, zuri, linapendeza. Likafika kwenye kapi. Kamkia kakanaswa. Na fundo likafanya kile lilichofundishwa.

Fyuuuu! Kamba ya zamani ikanishukia mimi kichwani. Mpya ikamshukia Baba Kulwa. PAA! Juu, mlingoti mtupu, kapi linazunguka bila kitu.

Hata akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakasimama.

"Ng'wanawane, mwanangu," Baba Kulwa akasema polepole, "hilo fundo nalijua. Ni la ng'ombe."

"Ni la mbuzi, baba."

Mama Sabina, jirani yao, akaangua kicheko, akaunyooshea mlingoti kidole. "Si jana ulituambia kwenu unapanda parachichi mpaka tawi la mwisho? Mparachichi ule pale! Panda!"

Baba Kulwa goti lake bovu. Vijana walivua usiku kucha, wamelala. Aliyeharibu nani? Nikafunga kamba mpya kiunoni, nikapanda. (Ndani ya kitenge nilivaa kaptula. Asante Mungu.)

Mparachichi hauyumbi vile, nawaambia. Lakini nilipofika juu nikasahau kuogopa. Ziwa lote lilikuwa langu. Visiwa vimekaa kama kuku wanaoatamia. Matanga mawili mbali kule, meupe, hayatoi sauti yoyote, yanakwenda tu. Nikawaza: watu wanaamka kila siku hiki kitu kiko hapa, halafu wanaendelea kuanika dagaa!

Nikapitisha kamba kwenye kapi, nikafunga ncha tena kiunoni ili nishuke nayo. Hapo ndipo nikasikia, "Huyo ndiye mgeni wetu?"

Bibi. Mama yake Baba Kulwa, na fimbo yake. Sikuwa nimemsalimia tangu nifike. Na mimi mama alinilea kwa mwiko wa ugali: mzee hasalimiwi umesimama. Mwili ukatangulia, akili ikabaki nyuma.

"Shikamoo bibi!" Nikapiga magoti.

Juu ya mlingoti.

Sikuanguka, niliteleza, wima, kama ndoo kisimani. Kitenge kikabaki kwenye msumari njiani. Nikatua kwa makalio kwenye maji machafu yaliyotuama ndani ya mtumbwi, maji ya magamba ya samaki.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akajibu. "Ila ungeshuka tu taratibu."

"Kamba imepita!" Baba Kulwa akapiga kelele.

Imepita kweli. Lakini ilikuwa saa tano, ziwa limelala kama uji uliopoa. Upepo umekata. Nikageuza uso nisionekane.

Baba Kulwa akakohoa, akafunga ncha ya kamba kwenye tanga. "Vuta basi, tuone kama inafanya kazi."

Nikavuta mwenyewe, mikono miwili. Tanga likapanda, viraka vyake vyote, likaniziba jua. Halafu kaupepo kamoja, sijui kalisahaulika wapi, kakaingia. Tanga likavimba. Mtumbwi ukaenda! Ukaenda mpaka kamba ya nanga ikauzuia. Kama hatua kumi na tano, na kitenge changu kinapepea mlingotini. Hakuna aliyecheka, hata Mama Sabina.

Nimesafiri kwa tanga. Andikeni.

Jioni hii, shangazi na wengine wako jikoni, nimekaa peke yangu na kipande cha kamba ya zamani. Nimekizungusha kwenye begi langu la safari, nikashona ncha kwa ncha, mishono arobaini, sikuruka hata mmoja. Begi halifunguki ng'o.

Tiketi ya basi imo ndani. Msicheke.