Maji ya Fizi ya Bwana Asali

Siku Asali alipogundua kwamba woga wa sindano ni biashara, alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo la ghorofa tatu akisubiri mvua ipungue. Ghorofa ya pili kulikuwa na kliniki ya meno. Kila baada ya muda mlango wake ulifunguka, akatoka mtu mwenye karatasi mkononi na uso uliokunjamana kama shati lililolala kapuni. Mmoja, dereva wa lori mwenye mabega kama kabati, alisimama pale ngazini akimweleza mkewe kwa simu.

"Anasema fizi zimeachana na meno. Kuna vimifuko, uchafu umeingia humo chini ukawa jiwe. Anataka anichome ganzi, halafu akwangue mpaka kwenye mizizi. Upande mmoja leo, wa pili wiki ijayo." Akasikiliza kidogo. "Wewe ungekubali?"

Dereva akateremka, na siku hiyo hakurudi. Asali alimsindikiza kwa macho, moyo ukamjaa huruma. Si huruma ya dereva. Aliihurumia pesa ile iliyokuwa inashuka ngazi bila mtu wa kuipokea.

Wiki iliyofuata, pale ngazi zinapokata kona, palikuwa na meza ndogo, chupa za maji mekundu, na Asali ndani ya koti jeupe. Koti alilinunua kwa muuza nyama, akalifua mara tatu. Maji yenyewe yalikuwa chumvi, rangi ya keki na tone la mnanaa. Hayakuweza kumdhuru mtu, na Asali alijivunia hilo; alijihesabu miongoni mwa matapeli wenye maadili.

"Kaka, wanataka kukukwangua?" alimuuliza kila aliyetoka.

"Umejuaje?"

"Umejishika taya kama mtu anayezuia mlango usivunjwe. Sukutua hii asubuhi na jioni. Inapenya yenyewe mpaka chini. Sindano ya nini, kwani wewe ni nguo?"

Walicheka, na mtu akishacheka mkono wake huwa umeshaingia mfukoni. Majina na simu zao Asali aliyaandika daftarini, ili awakumbushe chupa zikikaribia kuisha. Miezi mitatu ikapita hivyo, mambo yakiwa matamu.

Ndipo akaja mama mmoja wa miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe moja."

Baada ya siku tatu alirudi akanunua kumi. Mara ya tatu hakununua kitu. Alivuta kiti cha wateja, akaketi, mkoba juu ya magoti.

"Mwanangu, mtu mwenye dawa kama hii hakai ngazini. Hii ni ya kuuzwa mji mzima. Mimi nina akiba yangu ya kustaafu, imelala tu."

Asali alimeza mate. Hakumuuliza amestaafu kazi gani. Angeuliza, angejibiwa kwamba alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, akiandika neno kwa neno uongo wa kila aina.

"Ila kuna kasoro moja," mama akaendelea.

"Ipi?"

"Wewe. Hebu fungua mdomo."

Asali alifungua. Mama akasogeza miwani, akachungulia bila haraka.

"Fizi zimevimba, zinatoka damu. Na hili la mbele linacheza."

Asali akafunga mdomo. Hiyo ilikuwa siri yake. Kwa mwezi mzima alikuwa akila mkate kwa pembeni na kutema mate ya rangi ya waridi, na kila asubuhi aliligusa lile jino kwa ulimi, akiogopa kulikosa. Angeweza kuishi bila koti. Ila nani angemsikiliza muuza dawa ya fizi mwenye pengo?

"Fanya hivi," mama akasema kwa sauti ya chini. "Upigwe picha leo. Kisha uingie kwa huyu daktari, akusafishe kabisa. Fizi zikipona, upigwe nyingine. Tutasema ni maji yako. Gharama ziko juu yangu. Na unipe majina ya wateja, tutafute mashahidi wa tangazo."

Asali alimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

"Mama, wewe ni mtu hatari."

"Nimeishi mjini muda mrefu," mama akasema, akapokea daftari.

Jumatano Asali alilazwa kwenye kiti cha kliniki. Daktari, mwanamke mwenye vidole vyembamba, alipitisha kipimo kati ya fizi na meno huku akimtajia muuguzi namba: nne, sita, saba, saba tena.

"Ni nyingi?" Asali akauliza.

"Hizo ni milimita za kina. Ufizi mzima hauzidi tatu. Ila umewahi, hili la mbele bado tunaweza kuliokoa."

Asali alitaka kutia mzaha, akajikuta anasema asante. Tangu ajue lile jino linacheza, hakuna aliyewahi kumwambia neno zuri kulihusu.

Kabla ya sindano, alimpa mama, aliyekuja kumsindikiza, mfuko wake. Humo mlikuwa na mapato yote ya miezi mitatu, kwa sababu Asali hakuziamini benki. Alisema zimejaa wajanja.

"Nishikie, mama."

"Hautoki mikononi mwangu."

Ganzi ikaingia. Mdomo ukawa mzito kama mto wa kulalia, ulimi ukalala. Chuma kikaanza kukwangua, na ndani ya fuvu lake Asali akasikia mlio wa koleo juu ya saruji. Hakuumia. Lakini kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, alikaa kimya saa nzima.

Alipotoka, chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa. Dereva wa lori alikuwepo, na wengine kumi na mbili, kila mmoja na chupa yake tupu. Mama alikaa katikati yao, mfuko magotini. Pembeni yake alikuwa dada mmoja aliyejifunika mdomo kwa mtandio.

"Huyu ni mdogo wangu, mshonaji," mama akasema. "Aliambiwa asafishwe fizi, akakutana nawe ngazini. Alisukutua maji yako miezi miwili. Mwezi uliopita jino lake lilitoka pamoja na kipande cha mkate. Haya, jieleze."

Maelezo Asali alikuwa nayo, mazuri, yaliyowahi kumtoa kwenye vituo viwili vya polisi. Akafungua mdomo.

"Nyamani... thi... hivo," akasema, na mate yakamchuruzika kidevuni.

Mama aliwageukia watu kwa heshima zote za mahakamani.

"Anasema amekosa, na kila mtu arudishiwe chake."

Asali alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Mbona anakataa?" dereva akauliza.

"Ni ganzi. Inashuka mpaka shingoni."

"Nyapana," Asali akasema.

"Anasema, na kitakachobaki mfukoni kimtibu mdogo wangu."

Watu wakapanga foleni kwa utulivu, na mama akawarudishia pesa kwa kufuata daftari, jina kwa jina. Asali alijaribu kuushika mfuko. Dereva akamwekea mkono begani kwa upole, naye akaketi. Mwisho mama alimkabidhi mfuko mtupu na kadi ya miadi.

"Niliahidi gharama ziko juu yangu, za leo nimelipa," akasema. "Mfuko si ulikuwa juu yangu? Upande wa kushoto ni Jumatano ijayo."

Ganzi ilimwachia jioni. Asali akasimama mbele ya kioo akatoa majibu makali, yenye ushahidi, ambayo hakuna aliyeyasikia. Kisha akaligusa jino la mbele kwa ulimi. Lilikuwa limetulia kidogo, au alitamani tu iwe hivyo.

Jumatano iliyofuata alikuja bila koti. Alikuwa ameliuza pamoja na meza ili apate ada. Kwenye benchi alimkuta mshonaji, naye akingoja upande wake wa kushoto.

"Leo unaweza kusema," mshonaji akamwambia. "Hujachomwa bado."

Asali alitafuta maneno, na safari hii hayakuja mengi.

"Pole, dada. Kwa lile jino."

Mshonaji alimtazama kwa makini.

"Asante," akasema, kisha akauchukua mkoba wake uliokuwa kati yao na kuuhamishia upande wa pili.