Karatasi Niliyoibandika Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta ya darubini imeniuliza tena: mfumo endeshi mpya upo tayari, nisasishe? Juu yake kuna karatasi: MTU ASIGUSE. Niliibandika mwenyewe, kwa hiyo hainihusu. Mwenzangu wa maabara, tunayemwita Subiri, kasema tungoje kwanza waliotengeneza programu ya kupima mizizi watuambie kama inaelewana na mfumo mpya. Huyu hata chai huingoja ipoe! Mkuu wa maabara anatafuta msimamizi wa kompyuta zote. Ataniona.

Jumanne, 4 Machi
Nimefika kabla ya watu. Nimesasisha. Nafasi haikutosha, nikafuta mfumo wa zamani. Rangi mpya, herufi safi! Nikajipiga picha nayo. Kisha mdogo wangu, ambaye utafiti wake wote ni mizizi ya mtama, kaja kupima ile ya mwisho. Programu ikagoma kufunguka. Nimemwambia inajipasha moto. Kaniamini! Hapo ndipo panaponiuma.

Jumatano, 5 Machi
Nimezima, nimewasha. Nimebadilisha nyaya. Nimeomba dua. Wenye programu wamejibu kwamba toleo la mfumo mpya bado miezi kadhaa, na kwamba onyo liko ukurasa wao wa kwanza, kwa maandishi mekundu. Mdogo wangu nimemwambia ni umeme. Subiri akamwambia umeme upo. Mbea yule! Mdogo wangu hakufoka. Aliuliza tu kama nakumbuka kwamba Ijumaa anasimama mbele ya jopo la walimu wake, na bila vipimo hivyo atarudia mwaka mzima. Nakumbuka. Najuta.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefyata mkia, nikaenda kwa Subiri. Kumbe alishanakili diski nzima wiki iliyopita, aliponiona naizungukazunguka ile kompyuta. Karudisha mfumo wa zamani, programu ikafunguka. Hakunicheka. Afadhali angenicheka! Mdogo wangu kapima hadi jioni. Chai yangu hakuipokea mkononi. Alisema niiweke mezani.

Ijumaa, 7 Machi
Kafaulu! Bado kuandika ripoti safi tu. Kwenye shukrani kamtaja mama, mkuu, Subiri, hata fundi umeme. Mimi, wala. Nimepiga makofi kuliko wote, machozi yananilengalenga. Usimamizi wa kompyuta kapewa Subiri.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekoma. Kompyuta ya darubini siigusi tena maishani. Nimeibandikia karatasi mpya, herufi kubwa zaidi. Ila mdogo wangu bado hanisemeshi, na nyumba ni moja, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Lazima nimfurahishe. Leo katoka, kaacha kompyuta yake sebuleni, ile anayoandikia ripoti. Maskini, inasuasua! Nilipoifungua ikaniuliza kama nataka mfumo mpya. Nimeikagua mbele na nyuma. Haina karatasi yoyote.

Nimebonyeza Ndiyo.