Betri ya Ndani na Jua la Wales

Jumatatu, 9 Juni
Nimefika kambini Rhossili. Hakuna mvua; ajabu. Binti yangu Carys ametoa amri: nikae humu katika gari langu la kulala hadi Alhamisi bila kuchomeka waya kwenye umeme wa kambi, na friji isizime. Nikishindwa, gari linauzwa. Anasema mtu wa miaka sabini na sita hulala kwake. Nimemjibu jua litanitosha. Nimesimamisha paneli ya sola nyasini, nikaielekeza kwa uangalifu mkubwa. Betri ya ndani, ile ya taa na friji, iko nusu.

Jumanne, 10 Juni
Jua kutwa. Betri imeshuka! Nimeifuta paneli kwa siki. Imeng'aa, basi.

Jirani yangu Emlyn Pritchard, ambaye waya wake umechomekwa tangu Mei, kapita akauliza, "Vipi, Hernán, maziwa bado maziwa, au yameshakuwa jibini?" Nikamwambia sola nzuri huanza polepole.

Mpango mpya: injini ikitembea huchaji betri ya ndani. Nimeizunguka rasi yote bila pa kwenda. Kanisa moja nimelipita mara tatu; mchungaji sasa ananipungia mkono. Betri ikapanda. Nikamkaribisha Emlyn chai, nikachemsha maji kwa birika la umeme ili aone. Kaona. Birika limekunywa umeme wa mzunguko wote.

Jumatano, 11 Juni
Friji inakohoa. Emlyn kaacha ncha ya waya wake juu ya kiti changu, kaenda zake akipiga mluzi. Nimeitazama kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Sikuigusa.

Mkewe Gwenllian akaja kuuchukua. Akauliza kwa nini sola yangu inakodolea macho nguo zake kambani. Nikamweleza, taratibu, kwamba jua la mchana hukaa kaskazini.

"Kwenu Chile labda, mzee wangu. Huku linapita kusini. Miaka yote hii hukuliona?"

Zaidi ya miaka hamsini hapa Wales nimetazama mvua, si jua. Kule Valparaíso, mama alianika pichi kwenye dirisha la kaskazini.

Nimeigeuza paneli. Kipimo cha betri kikapanda kabla chai haijapoa.

Alhamisi, 12 Juni
Carys kafika. Kaonja maziwa, kabonyeza siagi: ngumu. Kakagua chini ya gari: hakuna waya. Emlyn akaapa kwamba sikumwomba umeme hata wa simu. Muungwana.

"Haya, baba, umeshinda," akasema, akanibusu kipara. Gari ni langu. Nimecheza cueca, ngoma ya kwetu Chile, nyasini na Gwenllian, tukipunga vitambaa vya vyombo badala ya leso. Emlyn alipiga makofi, yote nje ya mdundo.

Jumapili, 15 Juni
Swansea, kwa Carys. Kaniomba nimchagulie mahali pa kupanda nyanya, penye jua kutwa, kwa kuwa sasa mimi ndiye mtaalamu. Sikusita. Nimelima tuta refu upande wa kaskazini wa nyumba, nikapanda miche yote.

Saa sita mchana tuta lilikuwa bado kivulini. Nadhani ni wingu.